Mguu wa Fundi Cherehani

Kwa mara ya nne Sikudhani alijilaza chini ya gari aliloliunda mwenyewe kwa vyuma vya vitanda na injini ya pikipiki. Pedali ya breki bado ilizama hadi chini, na mteremko uliokuwa mbele yao ulikuwa mkali. Kwenye kiti cha nyuma bibi yake alishakaa, amevaa kanga mpya, tayari kwenda kumwona dada yake bondeni baada ya miaka miwili ya magoti mabovu.

"Kanyaga, mama. Shikilia."

Mama yake, fundi cherehani, akakanyaga. Sikudhani akalegeza nati ya kutolea upepo, mafuta ya breki yakatoka na mapovu tele kwenye mpira mwembamba. Kabla hajakaza, upepo ukarudi ndani. Akachungulia juu. Mguu wa mama ulikuwa unapanda na kushuka, kisigino na vidole.

"Mama, unashona."

"Mimi? Nimetulia kabisa."

"Mguu huo haujatulia miaka thelathini," bibi alisema. "Hata usingizini unanipiga mateke."

Kumbe breki za Sikudhani hazikuwa na kosa; mguu ule ndio uliokuwa ukivuta upepo ndani. Bibi akainama, akalikandamiza goti la mwanawe kwa mikono miwili.

"Sasa shona tukuone."

Mapovu yakaisha, Sikudhani akakaza nati. Mama akasogea, Sikudhani akapanda, akashika usukani. Akaliacha gari liserereke hadi mwanzo wa mteremko, akakanyaga. Likasimama papo hapo.

"Mbona tumesimama?" bibi akauliza.

"Najaribu breki."

"Umeshajaribu, mjukuu wangu. Achia."

Chini kabisa mabati ya nyumba za bondeni yaling'aa. Sikudhani akainua mguu.