Dumu la Fundi Kipriani

"Hivi mama Prisila, thina nayo inamwimbisha mtu?" Zulfa alimuuliza jirani yake Teodosia. Ng'ambo ya ua, fundi Kipriani alikuwa amejifungia karakanani anapaka rangi, anaimba litania ya watakatifu na kuchomekea wachezaji wa mpira.

"Inaimbisha," Teodosia alijibu. "Ukipaka rangi umefunga madirisha, mvuke wa thina ya kulainishia rangi unapanda kichwani. Unalewa bila kunywa."

Jambo lilikuwa limeshafika kwenye jumuiya ya kanisa, ambako Kipriani alikuwa mwenyekiti. Mzee Nicholaus, ambaye kwa maneno yake hajaonja pombe tangu kipaimara, alitaka Kipriani avuliwe uenyekiti kwa ulevi. Jumamosi wanajumuiya wakajaa karakanani, pale Nachingwea, kuamua.

Teodosia alisimama kumtetea.

"Marehemu mume wangu alivuta thina miaka ishirini, akafa kwa kifua. Msimwite mgonjwa mlevi. Na huyu angalau ana adabu ya kazi. Wengine wanaitia kwenye chupa ya maji, mtoto anainywa. La kwake dumu limeandikwa HATARI, limechorwa fuvu, limefungiwa kabatini, na ufunguo kauvaa shingoni na rozari. Tena thina yenyewe anaifuata Ruangwa kila wiki, eti ya hapa imechakachuliwa."

Kipriani aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Mwenyekiti abaki, afungue madirisha tu," alisema Getruda, katibu, akiinuka kwenye benchi. Nyuma kitenge chake kilikuwa na mistari miwili ya rangi ya bluu.

"Jamani! Benchi bichi! Kitenge changu cha Pasaka!"

"Usilie. Thina kidogo itaitoa," alisema Teodosia.

Kipriani aliruka. "Mama, iache! Ile sumu! Nitamnunulia kingine!"

"Sumu ina taratibu zake, baba. Lete ufunguo."

Teodosia aliupokea, akafungua madirisha yote. Akaamuru jiko la mkaa litolewe nje na Bakary, jirani aliyekuja kushuhudia, azime sigara. Akavaa glovu, akajifunga kanga puani, akawasogeza watu wote hadi mlangoni. Ndipo akalitoa dumu kabatini, akalifungua, akalowesha kitambaa, akasugua kitenge.

Rangi haikutoka. Akasugua tena. Ikatanuka mpaka kiunoni.

"Huko Ruangwa wamekuibia, fundi," alisema Bakary. "Hii imeisha nguvu."

Kipriani alikuwa anatazama dari.

"Hebu," alisema Mzee Nicholaus. Akakichukua kitambaa, akakisogeza puani, akafumba macho. Akavuta mara ya pili, taratibu zaidi.

"Nguvu inayo," alisema. "Hili ni gongo la mabibo, la kule Mandawa, Ruangwa, kwa yule mama wa mwisho barabarani. Wapishi wa hapa mjini hawamfikii."

Watu wote wakamwacha Kipriani, wakamgeukia mzee.

Mzee Nicholaus alifumbua macho, akarudisha kitambaa mezani, akavaa kofia yake na kutoka.