Dawa Iliyo Ndani ya Sare

Siku hizi dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga wa kulevya hubebwa na polisi tu. Imeshonewa ndani ya sare, na sare ikivuliwa, dawa hujifunga.

Afande Nyamizi ndiye aliyepangiwa mtaa wetu. Akikaribia kwangu huvua buti, aje pekupeku, ili mjukuu wangu Shekue asimsikie akakimbia. Niliwahi kumwomba avae dera langu.

"Nikivua sare, Bibi, nitakuja mikono mitupu," akanijibu, huku akinimenyea viazi.

Leo Shekue alitoka chooni akiyumba, macho yakijifumba. Akaiona sare ya Nyamizi pale uani.

"Nimekuja kukusalimu tu, kaka," Nyamizi akasema kwa upole.

"Salamu gani yenye pingu?"

Akaparamia ukuta, akaangukia upande wa pili, akainuka na kukimbia. Nyamizi akazunguka mlangoni kumfuata. Miguu yangu haiwezi. Nilibaki uani nikiita, "Shekue, simama, baba! Afande anakuja kukusaidia!"

Kila nilipoita, nilisikia nyayo zake zikizidi mbio. Kisha sikuzisikia tena.

"Bibi!" Nyamizi akapaza sauti kutoka vichochoroni. "Kaelekea wapi?"