Unga Juu ya Kibao

Chausiku alinyunyiza unga kwenye kibao cha chapati, halafu wala hakusukuma chapati. Si akaanza kuandika kwa kidole! Bake. Jioni hiyo, kwenye darasa la Kiingereza la watu wazima, angeitwa ubaoni. Wiki iliyopita alikosea wenzake wakamcheka, akaapa akikosea tena harudi.

"E ya mwisho inatoka kwanza, ndiyo ing inaingia," alijikumbusha. Akafuta herufi moja, akaongeza tatu. Baking.

"Mama Rehani, leo tunakula herufi?" Mumewe Sefu alikuwa mlangoni.

"Haya, cheka na wewe."

Sefu hakucheka. Aliinama, akahangaika kulisoma neno lile herufi moja moja, jasho likamtoka. Kisha akachukua donge la unga, akageuza sinia na kuanza kusukuma hapo, kwa chupa ya soda. Chapati ikatoka na mkia!

"Usilifute," alisema. "Jioni twende wote. Mimi nitakaa nyuma kabisa."

Chausiku alicheka mpaka machozi. Alipogeukia kibao, chini ya neno lake palikuwa na mstari mmoja uliopinda, wa kidole kinene cha Sefu kilichoanza kuandika kikasita.