Mkataba wa Kabla ya Cheti

Kwa mara ya nne karani wa usajili alimrudishia mshonaji fomu zake chini ya kioo. Safari hii jina la kampuni lilikuwa sawa, ila saini ya shemeji yake ilikuwa imetoka nje ya kisanduku.

Mshonaji alizikusanya, akaondoka. Wazo la kushona sare za shule lilikuwa lake. Mtaji ulikuwa wa shemeji huyo, aliyemwoa dada yake, na wa rafiki wawili wa shemeji. Wao walikaa wakisubiri. Yeye alizunguka kama pia.

Jengo la kushonea nalo halikungoja. Lilikuwa kwenye kona, katikati ya shule tatu, na mwenye nyumba, bibi asiyependa maneno mengi, alisema kuna mwuza simu analitaka: asaini leo au aage. Mshonaji alimpigia shemeji. Shemeji akamwambia asaini tu, wao ni kitu kimoja. Basi akatia saini mkataba wa miaka mitano, kwa niaba ya kampuni isiyokuwa hata na cheti.

Cheti kilitoka wiki sita baadaye. Vyerehani ishirini vikaingizwa, bango likapandishwa juu ya mlango, na kikao cha kwanza kikafanyika humo humo, kati ya majora ya vitambaa.

Shemeji hakumtazama usoni. Alisoma kwenye karatasi kwamba wenye hisa nyingi wameona wakurugenzi watatu wanatosha, na mshonaji si mmoja wao. Kisha akasema kodi ya jengo iko juu mno. Watakwenda kwa mwenye nyumba kuandikiana upya.

"Na mkataba niliosaini mimi?"

"Huo si wa kampuni. Kampuni imezaliwa juzi, haiwezi kubeba kilichosainiwa kabla haijazaliwa. Ulisaini wewe, shemeji. Wakili ametuthibitishia."

Asante ya punda ni mateke, aliwaza, akachukua mkoba wake akatoka. Dada yake alipiga simu mara tatu. Hakupokea.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa mwenye nyumba kuomba mkataba uvunjwe. Njia nzima alipanga maneno: kodi ya jengo lile hataiweza peke yake, ameachwa kwenye mataa na watu wa nyumbani, amhurumie kama mwanawe. Alimkuta amekaa mlangoni, miwani puani, barua mkononi.

Alipoanza kujieleza, bibi aliinua kiganja.

"Shemeji yako ametoka hapa sasa hivi. Kaniletea barua, eti ule mkataba si wa kampuni, ni wako mwenyewe. Nikamuuliza mara mbili kama ana hakika. Akatia saini mbele yangu."

"Najua, bibi. Ndiyo maana nimekuja."

"Basi jengo ni lako miaka mitano," bibi alisema, akimkabidhi barua. "Nimemwambia akavitoe vyerehani vyake, au aje akuombe umpangishe."