Midomo Isiyobanwa

Shemeji Delbert alifyatua bastola mara moja. Dubu akayumba, kisha akaendelea kutujia kutoka ng'ambo ya mto. Shemeji alipovuta tena, bastola ikagoma.

Niliona sababu kabla yake. Teke la risasi ya kwanza lilikuwa limeichomoa kidogo ile iliyofuata kutoka kwenye ganda lake. Ncha yake, ndogo kama punje ya mchele, ilichungulia mbele ya silinda inayobeba risasi na kuizuia isizunguke.

Risasi hizo niliziyeyusha na kuzisubu mwenyewe jikoni kwangu, na nusu ya Alaska inajua nilivyojisifu kwamba ni ngumu, hazichubuki.

"Umebana midomo ya maganda risasi zisichomoke, shemeji?" alikuwa ameniuliza asubuhi.

"Nimebana kuliko dada yangu anavyokubana wewe!"

Alicheka. Sikuwa nimebana hata moja. Nilikuwa na haraka ya kuwahi samaki wa samoni.

"Ishike vizuri," nikamwambia, nikachomoa kisu cha samaki. Ncha ikikatwa, silinda itazunguka. Kisu kikateleza kwenye ncha ile ngumu hadi juu ya chuma cheupe cha bastola kisichoshika kutu, kikaacha mkwaruzo mrefu.

"Sikubana," nikasema.

"Najua. Kata, mpumbavu wewe!"

Dubu alishaingia majini, hatua ishirini kutoka kwetu. Nilimsikia akihema.

Kisu kikateleza tena, kikanichana kidole. Nikamwachia Delbert kile kisu.

"Endelea kukata."

Nikavua kofia, nikaipunga juu, nikaanza kumwendea dubu mtoni ili anigeukie mimi, huku nikimtukania mama yake.