Mwalimu Mlezi

Chaki ilimkatikia mkononi kwa mara ya tatu, na darasa zima likaangua kicheko. Mwanachuo aliinama kuokota kipande, akainuka taratibu huku ameshika meza. Nyuma kabisa ya maabara, Rula aliandika kitu kwenye faili lake.

Rula ni jina ambalo wanafunzi walimbatiza mwalimu mlezi wa mwanachuo, kwa jinsi alivyonyooka: mgongo, maneno, hata mistari ya ubaoni. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma na kupima kama anayehangaika kule mbele anafaa kuwa mwalimu. Mara ya kwanza alimpa thelathini na nane kwa mia. Leo ilikuwa mara ya pili na ya mwisho. Akipata chini ya hamsini, mwanachuo angerudi chuoni kuanza upya mwakani, na hakujiona ana nguvu za mwaka mwingine.

Alikuwa amechoka, uchovu ule unaoingia hadi kwenye kope. Shahada yake ya kemia haikuwa imempa kazi ya maana, ila ile ya kiwanda cha sabuni, nacho kikafungwa. Ndipo akajiunga na stashahada ya uzamili ya ualimu. Mchana alifundisha, jioni aliandika maandalio ya somo, na asubuhi Rula aliyarudisha yamejaa wino mwekundu.

"Mwalimu wa kemia ninaye huyo mmoja tu," mkuu wa shule alimwambia mwanachuo siku aliporipoti. "Mtawezana kweli?"

"Tutawezana."

Siku hiyo hiyo Rula alimvuta pembeni. "Humu ndani mimi ni mwalimu wako mlezi, basi. Ya nje tuyaache nje. Sitaki mtu aje kusema nilikubeba."

"Na mimi sitaki kubebwa," alijibu mwanachuo.

Sasa karatasi za litmasi zilikuwa zimegoma. Alichovya moja kwenye asidi, rangi ile ile. Akachovya ya pili, vile vile.

"Mwalimu, labda hayo ni maji ya bomba!" mmoja alipaza sauti, na kicheko kikapasuka tena.

Andalio la somo halikuwa na jibu la hilo. Akavuta stuli, akaketi, akaziweka karatasi zake kando.

"Kiwandani," alisema kwa sauti ndogo, "siku moja mashine ya kupimia sabuni iliharibika. Na magadi yakizidi kwenye sabuni, yanachubua ngozi ya anayeitumia. Mnadhani tulipimaje?"

Akawanyooshea vidole vyake. Ncha zake zilikuwa nyeupe, laini, hazina mistari.

"Kwa hivi. Ndiyo maana nataka ninyi mjue kutumia karatasi."

Kisha mkono mmoja ukanyooshwa, ukafuata mwingine. Je, yaliuma? Je, asidi ingesaidia? Kwa nini? Kengele ilipolia, wale waliokuwa wakicheka ndio waliogoma kutoka.

Maabara ikabaki na watu wawili. Rula alifungua faili.

"Ubao wako hausomeki. Dakika tisa zimepotea bure. Karatasi hukuzijaribu kabla ya kipindi, na huo ni uzembe."

"Ndiyo, mwalimu."

"Habari za kiwandani sikuziona kwenye andalio."

"Hazikuwemo."

Rula alitazama wale vijana waliokuwa bado wanachungulia dirishani. Akaandika namba, akaipigia mstari, akaligeuza faili. Hamsini na moja.

"Siongezi hata moja," alisema.

"Ungeongeza ningekasirika."

Rula akatia saini. Wakafunga maabara, wakamuaga mlinzi, wakatembea mpaka ukuta wa shule ulipoishia. Hapo Rula aligeuka nyuma, akahakikisha hakuna mtu, akampokea mwenzake mkoba uliokuwa ukimlemea begani.

"Shikamoo, mama," alisema. "Baba ameshapiga simu mara tatu, anataka kujua kama nimekufelisha."