Picha ya Mgao

Daktari Asnath aliitambua shingo kabla hajamaliza kusoma makala. Mwandishi alikuwa ameyaziba macho ya mgonjwa kwa mstari mweusi, lakini kovu la moto lilishuka wazi kutoka sikioni hadi begani, limejikunja chini ya kidevu kama utando wa maziwa yaliyochemka.

Mwenye kovu alikuwa amekaa mbele yake, akisubiri sindano.

Jarida la kitabibu lilimtumia Asnath makala hiyo aihakiki kwa siri, asimwonyeshe mtu. Mwandishi alidai mgonjwa aliridhia picha yake ichapishwe.

Asnath akaigeuza kompyuta imwelekee mwanamke.

"Mama, picha hii walikuomba?"

Mwanamke aliinama, akajigusa kidevu. "Ndiyo. Walikuja kambi ya wakimbizi, kule Nduta, nikaweka dole gumba."

"Walisema ni ya nini?"

"Daktari, kambini picha si ni ya mgao wa chakula? Sikuuliza."

Asnath aliirudisha kompyuta upande wake. Akiandika kwamba mgonjwa hakuridhia, jarida litamuuliza amejuaje.

"Kumbe imefika kwako," mwanamke alisema, akitabasamu. "Nilijua tu kuna mtu anaishughulikia."